Mama Yangu Hashukuriki

Jumapili ya pili ya mwezi Mei nilifanya kosa ambalo mpaka leo nalilipia. Nilimpigia simu mama yangu nikamwambia nampenda.

Niliponzwa na watu. Niliamka asubuhi nikakuta kila mtu kaweka picha ya mama yake kwenye status. Hata jirani yangu wa chini, ambaye mama yake akija kumtembelea huhesabiwa siku kama mahabusu, naye kaweka, tena na mioyo mitatu myekundu. Nikaona nisipitwe. Nikatafuta picha ya mama, ile moja tu ambayo hajakunja uso, nikaandika mistari sita ya maneno matamu, nikabandika. Kufika saa nne, watu mia mbili na kumi walikuwa wameshajua kwamba nampenda mama yangu. Aliyekuwa hana habari ni mmoja tu: mama mwenyewe. Yeye anatumia kitochi.

Basi nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Mama, nilitaka tu kukwambia nakupenda, na nakushukuru kwa yote uliyonifanyia."

Kimya. Nikasikia sufuria ikitua chini. Nikasikia kuku wa kwetu Muheza, Tanga, wakitetea.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, mama."

"Madaktari wamesemaje?"

"Mama, leo ni siku ya akina mama. Watu wote wanawaambia mama zao hivyo."

"Wote wanaumwa?"

Nilikata simu nikidhani yameisha. Adhuhuri akapiga mama mdogo kutoka Korogwe, anataka nimtajie jina la dawa nilizoandikiwa. Alasiri akapiga mjomba, anasema ameshachimba mizizi, nisikubali kupasuliwa kabla sijainywa siku tatu. Magharibi nikaambiwa nyumbani imesomwa dua ya kuniombea shifaa, watu wamekula wali, wameondoka. Jumatatu asubuhi nikaombwa nichangie huo mchele.

Kwa hasira nikaamua kumtafuta mtu aliyeianzisha siku hii, nimjue. Kumbe ni mwanamke wa Marekani, wa jimbo la West Virginia, jina lake Anna Jarvis. Mama yake alifariki mwaka 1905. Mwaka 1908 akaandaa ibada ya kumkumbuka katika mji wa Grafton, kisha akawasumbua wakubwa kwa barua hadi mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku ya akina mama nchi nzima. Ungedhani hapo bibi huyu alitulia. Wapi! Wauza maua na wauza kadi walipoidaka siku yake wakaifanya gulio, alichukia mno. Maisha yake yaliyobaki, na mali yake, aliyamaliza kupigana na sherehe aliyoianzisha mwenyewe. Mwaka 1925 polisi wa Philadelphia walimkamata kwa kufanya fujo kwenye mkutano wa akina mama waliokuwa wakiuza maua. Alikufa mwaka 1948, hana mtoto hata mmoja wa kumpigia simu.

Nilimpenda papo hapo. Mtu aalike wageni, halafu awafukuze kwa kuwa wamekuja na zawadi! Huyo ni mama yangu mtupu, ila tu hakuzaliwa Muheza.

Maana mama yangu, ndugu zangu, hashukuriki. Mdogo wake baba huwa anasema kuna deni lisilolipika na kuna mdai asiyelipika. Mimi nimepewa vyote viwili.

Lakini kabla sijaeleza nilivyohangaika kumshukuru, acheni kwanza nitoe dukuduku langu, nisije nikaonekana mtoto mwema kuliko nilivyo. Mimi nina kinyongo na mama yangu. Kinyongo cha vitumbua.

Baba alikuwa na kazi kwenye shamba la mkonge. Kamba za nailoni zikaja zikauua mkonge, mkonge ukaiua kazi ya baba, baba akarudi nyumbani na redio na baiskeli. Mama akaenda kwa shangazi, dada yake baba, kuomba mtaji. Shangazi akatoa chuma cha vitumbua chenye vishimo saba na debe la mchele, kwa sharti moja: faida nusu kwa nusu, na kila Ijumaa baada ya swala anakuja kukagua daftari.

Tangu hapo mama akawa mtu wa kuamka saa tisa usiku. Mchele umelowekwa tangu jana, unatwangwa, unachanganywa na tui, iliki na hamira, unaachwa uumuke. Alfajiri mtaa mzima unanukia nyumba yetu. Mwalimu anapita, fundi cherehani anapita, dereva wa lori la machungwa anapita, kila mtu anafungiwa vyake kwenye gazeti: vya mviringo, vimevimba, vyekundu kwa chini kama vimepigwa rangi.

Halafu nakuja mimi, mtoto wa tumbo lake, na sare yangu ya shule. Mama ananisukumia viwili pembeni ya sinia. "Hivi vimeungua," anasema, "siwezi kumuuzia mtu. Kula wewe."

Kila siku! Mwalimu wa hesabu ambaye hatujuani naye kwa damu anakula vizuri, mimi nakula vilivyoungua. Darasa la nne tuliambiwa tuandike insha, "Mama Yangu." Niliandika kwamba mama yangu ni mpishi ila huunguza, na vinavyoungua hunipa mimi. Mwalimu alinipa alama kumi na saba kati ya ishirini, na jioni akamwonyesha mama. Mama alisoma, akacheka, akanirudishia. Kesho yake vikaungua tena viwili.

Basi kinyongo ninacho. Hata hivyo nimekuwa mtu mzima, nina mshahara, na dini inatuambia mama ni mama. Nikaamua kumshukuru kwa vitendo.

Nilianza na jiko la gesi. Mwaka juzi nilimpelekea la plati mbili na mtungi wa kilo kumi na tano, nikamfundisha kuwasha na kuzima. Nikaondoka nikijisifu kwamba moshi umemwacha mama yangu. Miezi mitatu baadaye naenda kumsalimia, nalikuta jiko sebuleni, karibu na redio ya marehemu baba, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna maua ya plastiki. Mgeni akiingia, kitambaa kinafunuliwa: "Hili kaleta mwanangu wa Dar." Mgeni anastaajabu, kitambaa kinarudi. Chai ya mgeni inachemshwa uani kwenye mkaa.

"Mama, mbona hulitumii?"

"Litachafuka."

Nikaona vitu havifai, bora pesa. Nikamtumia laki moja kwa simu, nikasisitiza: hii ni yako, ya matumizi yako, nunua unachotaka. Akapokea, akaomba dua ndefu hadi salio langu likakata. Baada ya wiki mbili anapiga.

"Mbuzi wako wamefika salama."

"Mbuzi gani, mama?"

"Nimekununulia wawili. Pesa haikai, mbuzi anazaa."

Tangu siku hiyo mimi ni mfugaji. Nakaa Tabata, ghorofa ya tatu, sijawahi kuwachunga hao mbuzi, lakini napokea taarifa zao kuliko za ofisini kwangu. Mbuzi wako amezaa. Mbuzi wako kala kanga ya jirani, tumeilipa. Na huyu mama ambaye maisha yake yote hajawahi kuniomba hata shilingi ya chumvi, kwa ajili ya mbuzi hana haya kabisa: "Mwanangu, mbuzi wako anaharisha, tuma hela ya dawa." Natuma. Nimejaliwa kuwa na mama ambaye njia pekee ya kumpa pesa ni mbuzi kuugua. Siku hizi jioni najikuta nikimwombea mbuzi kikohozi kidogo.

Na nikituma kitu, lazima kirudi na nyongeza. Kila mwisho wa mwezi simu inalia saa nane mchana, namba nisiyoijua: "Dada, kuna mzigo wako hapa stendi ya Mbezi. Njoo na mtu wa kukusaidia." Naondoka kazini naaga kwamba nina dharura ya kifamilia, na kwa kweli ninayo: ina machungwa, nazi, unga wa muhogo, na kiroba kimefungwa kwa kamba ya katani mafundo kumi na mawili, fundo la baba, lile ambalo halifunguki mpaka kisu. Safari moja alinitumia jogoo mzima, hai, ndani ya tenga. Alipita Segera, akapita Chalinze, akaja kuwika kwenye kibaraza changu cha ghorofa ya tatu saa kumi alfajiri. Jirani wa chini, yule wa mioyo mitatu, alipanda juu na taulo kuuliza kama nina akili. Nikampa nusu ya jogoo jioni yake tukasameheana.

Ukifungua kiroba, kila kitu ndani kimefungwa kwenye mfuko wa rambo. Nchi nzima iliachana na mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, ilipopigwa marufuku. Mama hakuachana nayo. Anayo chini ya godoro, imekunjwa pembetatu pembetatu kama sambusa, na nikimwambia ni kosa anajibu, "Wakija nitasema ni ya mwanangu wa Dar." Wala si rambo tu. Makopo ya siagi, chupa za dawa zilizokwisha, vifuniko visivyo na chupa, vyote vinatunzwa. Zamani nilikuwa namcheka. Kisha siku moja aliniambia kwamba mimi nilizaliwa wakati wa foleni, ile miaka baada ya vita vya Kagera ambapo sukari ilikuwa ya kuvizia na sabuni ilikuwa hadithi. Watu walikuwa wanapanga mawe yawashikie nafasi mbele ya duka, wao warudi nyumbani kulala. Nepi zangu alizifua kwa majani ya mpapai. Mtu aliyewahi kufua nepi kwa majani huwezi kumwambia kopo hili tupa.

Sikumwambia tena. Ila bado naona vifuniko visivyo na chupa vimezidi.

Sasa tufike kwenye Idi iliyopita, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Nilienda nyumbani siku nne. Siku ya pili, kabla hata chai haijashuka kooni, mama akaniambia niingie uvunguni mwa kitanda chake nifagie, kwa kuwa mgongo wake haumruhusu. Mimi, meneja mzima mwenye watu sita chini yangu, nikaingia kwa tumbo. Huko nikakutana na makopo, nikakutana na vifuniko, na nyuma kabisa nikakutana na madaftari kumi na moja yamefungwa kwa kamba ya katani. Daftari la vitumbua. Mwaka 1990 hadi mwaka 2000.

Nikakaa sakafuni nikaanza kusoma. Mwandiko wa mama wa herufi kubwa kubwa zilizosimama wima. Mwalimu, 6, kalipa. Fundi, 4, bado. Dereva, 10, kalipa nusu. Nilicheka kuona watu wazima wa mtaa wetu wanadaiwa vitumbua na sasa wengine wamekuwa mahaji. Na chini ya kila ukurasa, kabla ya jumla, mstari mmoja haubadiliki: Vilivyoungua, 2.

Nikasema ndiyo hivi, ushahidi wangu umehifadhiwa. Nikafungua ukurasa mwingine. Vilivyoungua, 2. Mwingine. Vilivyoungua, 2. Nikafika mwezi Juni, likizo. Vilivyoungua, hakuna.

Nikageuza. Hakuna, hakuna, hakuna, mwezi mzima. Shule ikafunguliwa. Vilivyoungua, 2.

Nikarudi nyuma nikaangalia Jumamosi. Hakuna. Jumapili, hakuna. Wiki niliyolazwa kwa malaria darasa la tatu, hakuna. Nikachukua daftari la mwaka 1996, mwezi Septemba, siku mbili za mtihani wa darasa la saba. Vilivyoungua, 4. Kesho yake, 4. Nilipoingia kidato cha kwanza, vikapanda vikawa vitatu, vikakaa vitatu miaka yote minne. Daftari la mwisho linaishia mwezi ule nilipomaliza kidato cha nne. Baada ya hapo, mpishi huyu hakuunguza tena.

Nikatoka uani na vumbi kichwani. Mama alikuwa anachambua mchele. Shangazi naye alikuwepo, ametimiza miaka themanini na ushee, amekaa kwenye kibao cha mbuzi kama kiti cha enzi.

"Mama," nikasema, "hivi vitumbua vilikuwa vinaungua kweli?"

Alitazama daftari, akatazama mchele wake. "Na wewe umekuja kunikagua?"

"Mimi nilijua," shangazi akadakia bila hata kugeuka. "Moto gani huo unaojua ratiba ya shule?"

"Ulijua, shangazi? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nakagua daftari, sikuwa nakagua mtoto."

Hapo nikakumbuka kitu. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nasikia mawifi zake wakicheka harusini na misibani: mke wa kaka yetu huyu mpeni kazi ya kuchota maji, sufuria msimpe, huyu kila siku anaunguza. Na mama hajibu. Jamani, hapa ni Tanga! Mwanamke wa Tanga unaweza kumwambia hajui kusoma, hajui njia ya kwenda mjini, atakusamehe. Ukimwambia anaunguza, umemvua nguo. Mama yangu alilibeba jina hilo miaka kumi na moja, na mwanawe mwenyewe akamwandikia insha akapata kumi na saba.

Nilitaka kusema neno. Mama akaniwahi. "Uvunguni umemaliza au umekaa kusoma vitu vya watu?"

Nikarudi uvunguni. Kulikuwa na vumbi jingi, macho yalinitoka machozi.

Niliporudi Dar, nikafanya hesabu. Siku za masomo ni 194 kwa mwaka. Shule ya msingi miaka saba, viwili kwa siku: 2,716. Sekondari miaka minne, vitatu kwa siku: 2,328. Ongeza vinne vya ziada vya siku za mtihani. Jumla vitumbua 5,048. Nikavipiga bei ya shilingi mia mbili, bei ya hapa mtaani kwangu, ikaja shilingi 1,009,600. Nikamtumia kamili, hadi hiyo mia sita.

Alipiga baada ya dakika tano. Aliuliza kwanza kama nimeiba. Nikamwambia ni deni la vitumbua, nimelipa kwa hesabu ya daftari. Akanyamaza, akasema ameelewa, akaniombea dua fupi. Nikapumua. Nikasema leo nimeweza.

Wiki iliyofuata nikaambiwa ng'ombe wangu amefika salama.

Nimekata tamaa, kusema kweli. Juzi tena saa nane simu ikalia, mzigo uko Mbezi. Safari hii hakikuwa kiroba, kilikuwa kikopo cha siagi, ndani ya rambo, ndani ya rambo nyingine, kamba ya katani, mafundo kumi na mawili. Nikakata kwa kisu. Vitumbua kumi na vinne, vishimo saba mara mbili. Kabla sijanawa mikono, mama huyo hewani.

"Umepata? Sasa sikiliza. Vingine wape majirani zako, huyo wa chini usimsahau. Ila viwili vya juu vimeungua, usimpe mtu, aibu. Kula wewe."

Nilivitoa viwili vya juu nikavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vimevimba, vya mviringo, vyekundu kwa chini kama vimepigwa rangi. Nikauma kimoja. Iliki ikapanda mpaka puani.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mistari zaidi ya sita. Nikayameza na kitumbua.

"Mama," nikasema, "vimeungua kweli hivi. Umevifanyaje?"

"Si nimekwambia," akajibu, na nikamsikia anacheka. "Moto wa huku mkali."